Malengelenge ya Siri, na Haraka ya Kupimwa

Juma lililopita tuliahidi kuendelea na habari ya maji safi ya kunywa. Mtuwie radhi, maji yatangoja. Ametujia kijana mmoja wa Kiwanja, aendeshaye pikipiki ya abiria hapa Rutshuru, naye ameleta swali ambalo watu huliuliza usiku kwa sauti ya chini, tena mara nyingi humwuliza mtu asiyelijua. Ametupa ruhusa kulieleza, mradi tusimtaje jina wala mtaa wake. Twalijibu hapa mbele ya wote kwa kuwa twajua kwamba hayuko peke yake.

Kijana huyu ana mchumba. Mahari imekwisha kutolewa zaidi ya nusu, na matangazo ya ndoa yamesomwa kanisani mara ya kwanza. Katikati ya mambo hayo alipeleka mzigo wa maharagwe Goma, mwendo wa kilometa 70 hivi, akachelewa kurudi, akalala huko, wala hakulala peke yake. Asubuhi alijuta, akawasha pikipiki yake, akarudi nyumbani na kunyamaza. Siku ya nne rafiki yake akamwambia kwa mzaha, "Yule dada wa Goma, si husemwa kwamba ana malengelenge?" Tangu saa ile usingizi ukamtoroka.

Siku ya tano aliingia katika dispensari ya mtu binafsi. Akachomwa kidole, tone la damu likatiwa katika kipande cha kupimia, akaambiwa, "Unao ugonjwa." Siku ya sita alikwenda kwingine, akaambiwa, "Huna kitu." Siku ya saba akarudi kwa yule wa kwanza, akaambiwa tena, "Unao." Kati ya safari hizo alipigwa sindano mbili na mchuuzi wa dawa sokoni, na mpaka leo hajui ndani yake mlikuwa na nini. Fedha alizoziweka kwa ajili ya suti ya arusi zikaisha zote. Siku ya tisa akaja kwetu, amekonda, macho mekundu, akasema, "Wazee wangu, niambieni nikapimwe wapi tena. Au nimwache yule binti wa watu nitoroke?"

Hatukumjibu mara moja. Tulimwuliza kwanza neno moja: katika siku hizo tisa, je, alipimwa Ukimwi, huu ambao huku kwetu wengi huuita sida? Hakupimwa. Hakuna aliyemtajia, wala yeye mwenyewe hakuukumbuka. Basi msomaji aone mwenyewe: mtu alikuwa akimfukuza mwewe aliyemnyakua kifaranga, na chui yumo zizini. Jambo hilo tutalirudia, maana ndilo lililotusikitisha kuliko yote. Lakini kwanza tuueleze ugonjwa wenyewe aliouogopa.

Madaktari huuita herpesi. Waswahili husema malengelenge ya siri, kwa sababu hutokea kama malengelenge madogo yaliyosongamana, yenye maji ndani, yawashayo na kuuma, kisha hupasuka na kuwa vidonda. Huletwa na kijidudu kidogo sana cha jamii iitwayo virusi. Viko vya namna mbili. Vya kwanza hukaa hasa mdomoni: ndivyo viletavyo vile vidonda vya midomo ambavyo watu huviona baada ya malaria, wakasema, "Homa imetokea mdomoni." Watu wengi huvipata utotoni, bila kosa lo lote, kwa busu la mama au la shangazi. Vya pili huambukizwa hasa katika tendo la ndoa au la zinaa. Lakini mpaka huo si ukuta. Vile vya mdomoni navyo vyaweza kushuka sehemu za siri, na siku hizi hufanya hivyo mara nyingi.

Yule kijana alidhani ameangukiwa na laana isiyowahi kumwangukia mtu. Tulimwonyesha hesabu za Shirika la Afya la Ulimwengu, zilizotolewa Desemba 2024. Kwa hesabu hizo, katika mwaka 2020 watu milioni 846 hivi, wenye umri kati ya miaka 15 na 49, walikuwa na virusi hivi katika sehemu za siri. Maana yake ni zaidi ya mtu mmoja katika kila watu watano wa umri huo. Katika hao, wenye virusi vya namna ya pili walikuwa milioni 520 hivi. Wanawake hupatwa kuliko wanaume, na bara letu la Afrika lina sehemu kubwa kuliko mabara mengine. Walio wengi hawajui kabisa kwamba wanavyo. Hawajapata kuona kidonda, au walikiona kidogo wakadhani ni mkwaruzo wa nguo au kuumwa na mdudu.

Virusi vikiisha kuingia mwilini havitoki. Hupanda kwa njia ya mishipa ya fahamu, vikajificha karibu na mwisho wa uti wa mgongo, vikalala. Huko dawa haivifikii. Siku nyingine, mtu akichoka sana, au akiugua homa, au pasipo sababu ijulikanayo, huamka vikashuka tena kwenye ngozi. Mara ya kwanza huuma sana, pengine pamoja na homa na kuvimba matezi ya kinena. Mara zifuatazo huwa nafuu, na kadiri miaka inavyopita huzidi kupungua. Vidonge viitwavyo asikloviri, visivyo vya gharama kubwa, hupunguza siku za maumivu, hasa vikianzwa mara tu dalili zinapotokea. Haviponyi. Mtu akikuuzia mzizi, au sindano, au mafuta ya kuviondoa moja kwa moja, amekuuzia uongo.

Je, huambukizwa namna gani? Kwa ngozi kugusana na ngozi, au na unyevu wa ndani ya mwili. Hatari ni kubwa zaidi wakati wa vidonda, lakini virusi vyaweza kutoka hata siku ambazo ngozi ni safi na mtu hasikii kitu. Ndiyo sababu wengi huambukiza bila kukusudia. Havipatikani kwa kukalia choo, wala kwa kuogea ndoo moja, wala kwa kuketi nyuma ya mtu kwenye pikipiki (swali hili la pikipiki kijana mwenyewe alituuliza, na hatukucheka). Nje ya mwili virusi hivi hufa upesi. Kuhusu mipira, mafundisho ya Kanisa yajulikana na wasomaji wetu; hata hivyo tungekuwa waongo kama tungeficha yasemwayo na waganga, kwamba hupunguza hatari ya malengelenge bila kuizuia yote, kwa kuwa vidonda hutokea hata mahali pasipofunikwa.

Sasa twende kwenye kupimwa, maana hapo ndipo kijana wetu alipopoteza fedha na akili.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukipima kidonda chenyewe. Mtu akiwa na malengelenge mapya, mwuguzi hupangusa majimaji yake kwa kijiti chenye pamba, na maabara iliyo na vyombo hutafuta virusi vyenyewe. Kipimo hiki ni kizuri, lakini chataka kidonda, tena kidonda kibichi; kikianza kukauka, virusi huwa vimepungua na jibu laweza kuwa "hakuna" na huku vipo. Asiye na kidonda hana cha kupanguswa. Vidonda vyenyewe, kama vitakuja, huja kwa kawaida kati ya siku 2 na siku 12 baada ya kuambukizwa.

Njia ya pili ni kupima damu. Hapa watu hudanganyika sana. Kipimo cha damu hakitafuti virusi, hutafuta askari wa mwili walioitwa kupigana na virusi. Askari hao hawaitwi kwa siku moja. Huchukua majuma, na kwa watu wengine miezi mitatu au zaidi, hata waonekane. Basi damu iliyotolewa siku ya tano haiwezi kutoa habari ya usiku wa siku ya kwanza. Kama ile dispensari ilisema kweli kwamba anao ugonjwa, basi aliupata zamani, pengine miaka mingi kabla hajamwona yule dada wa Goma. Na kama ilisema uongo, basi hana. Kwa vyo vyote vile, jibu lile halikuhusu safari ya maharagwe. Tulipomweleza hayo alinyamaza kitambo, kisha akauliza polepole, "Kumbe naweza kuwa mimi ndiye niliyempelekea yeye?" Ndiyo, mwanetu. Hata hilo lawezekana.

Tena kuna jambo lipasalo kujulikana zaidi katika nchi zetu. Vipimo vya damu vya ugonjwa huu vilitengenezwa na kujaribiwa hasa kwa damu za watu wa Marekani na Ulaya. Watafiti walipokijaribu kimojawapo, kilichokuwa kikitumika sana, kwa damu za watu wa Uganda, wakatoa habari zao mwaka 2004, waliona kwamba kilisema "anao" kwa watu wengi wasio nao. Iliwapasa kupandisha kiwango cha kukubali jibu, ndipo kikaaminika zaidi. Hata huko Marekani, ambako vyombo ni vingi, jopo la wataalamu wa kinga lilishauri tena mwaka 2023 kwamba watu wasio na dalili yo yote wasipimwe damu kwa ajili ya malengelenge, maana majibu ya uongo huleta hofu na mafarakano kuliko faida. Basi kipande cha kupimia kilichotoka katika kisanduku bila maandishi yaeleweka, mbele ya mtu aliyekwisha kulipa, chaweza kuaminiwa kwa kiasi gani? Wasomaji wajijibu wenyewe. Hatusemi kwamba wenye dispensari zote ni wanyang'anyi. Wengine nao wamedanganywa na walewale waliowauzia.

Katika vituo vingi vya afya vya nchi yetu, mwuguzi aonaye kidonda cha siri hufuata njia nyingine iliyo ya busara. Hukiangalia, huuliza maswali, kisha hutibu yale yawezayo kutibika kwa dalili zake, hasa kaswende, kwa kuwa kaswende nayo huanza kwa kidonda. Kidonda chake kwa kawaida ni kimoja, kigumu, kisichouma, ambacho hupona chenyewe na kumdanganya mtu kwamba amepona, na kumbe ugonjwa umeingia ndani. Kaswende huponywa kabisa kwa penisilini. Itakuwa ajabu ya kusikitisha mtu akifa kwa ugonjwa uponyekao kwa sababu alishughulika mno na ule usioua.

Twarudi sasa kwa chui wetu. Mtu aliyelala na mtu asiyejua hali yake, saa inayomkimbilia si ya malengelenge, ni ya Ukimwi. Ziko dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi visishike mwilini, nazo lazima zianzwe kabla saa 72 hazijapita, yaani siku tatu. Na kila saa moja mapema ni bora kuliko ya baadaye. Humezwa kila siku kwa siku 28. Baada ya siku tatu mlango huo umefungwa. Kijana wetu aliposikia neno la rafiki yake ilikuwa siku ya nne. Kama angalikwenda hospitali asubuhi ile ya kwanza, alipokuwa akijuta kimya kimya juu ya pikipiki, mlango ungalikuwa wazi. Twaandika hayo si kwa kumtia uchungu, bali kwa ajili ya yule mwingine ambaye pengine ataipata karatasi hii siku ya pili.

Aliyepitwa na siku hizo asikate tamaa, apimwe. Kipimo cha Ukimwi cha siku za kwanza huonyesha hali ya zamani. Cha baada ya majuma manne au sita huonyesha karibu yote. Cha baada ya miezi mitatu ndicho cha kutulia juu yake. Wakati wa kungoja asimkaribie mtu mwingine. Na akionekana anavyo virusi, dawa zipo, naye akizimeza kila siku bila kukosa ataweza kuishi maisha marefu, na virusi vikipungua katika damu hata visionekane katika kipimo, hatamwambukiza mwenzake kwa tendo la ndoa.

Malengelenge na Ukimwi vina uhusiano. Mwenye virusi vya malengelenge vya namna ya pili huwa katika hatari ya kupata Ukimwi karibu mara tatu kuliko asiye navyo, kwa sababu ngozi iliyopasuka ni mlango. Waganga walitumaini kwamba kwa kuvilaza virusi hivi kwa asikloviri, Ukimwi nao ungepungua. Jirani zetu wa mkoa wa Mwanza, Tanzania, walishiriki katika jaribio kubwa la jambo hili: wanawake wafanyao kazi katika vilabu, hoteli na nyumba za wageni walipewa vidonge hivyo kila siku kwa muda mrefu. Majibu yalitolewa mwaka 2008, nayo yalikuwa ya kuvunja moyo: waliomeza dawa na waliomeza vidonge visivyo na kitu waliambukizwa Ukimwi sawasawa. Basi anayekuambia, "Meza asikloviri kabla ya kutembea, utakuwa salama," hajui asemalo.

Tutaje pia vidonda vya aina nyingine, kwa kuwa ni vya kwetu huku Kivu. Tangu Septemba 2023 huko Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika Kivu ya Kusini, ilionekana namna mpya ya ugonjwa wa mpox, ambayo ilienea sana kwa njia ya kulala pamoja, kisha ikafika Goma na kwenye kambi za wakimbizi. Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza hatari ya dunia nzima tarehe 14 Agosti 2024, na tangazo hilo likaondolewa Septemba 2025, ingawa ugonjwa wenyewe haukuondoka. Mtu akiona vidonda vya siri pamoja na homa, na vipele usoni, viganjani au kwenye nyayo, asikae nyumbani akisema ni malengelenge tu. Ugonjwa huo huwapata hata watoto wa nyumba ile ile, kwa kuguswa na kwa nguo za kulalia.

Mpaka hapa tumezungumza na mtu aliyekwenda kwa miguu yake. Lakini katika Rutshuru yetu, kwa miaka hii yote ya vita, na hasa tangu vita viliporudi na mji wetu ukatwaliwa Oktoba 2022, wako akina mama na mabinti waliokwenda shambani au kuokota kuni wakashikwa kwa nguvu. Kwao hatuna neno la kosa, kwa maana kosa si lao. Twawaambia neno moja: siku tatu zile zile ni zenu kabla ya mtu mwingine ye yote. Nendeni hospitali kwanza, hata kabla ya kuamua kama mtamwambia mume au mama mkwe. Madaktari Wasio na Mipaka, walioanza kazi Rutshuru mwaka 2005, wamewatibu wengi wa namna hii hapa kwetu. Mwenye kufika mapema hupewa dawa za kuzuia Ukimwi, dawa za kaswende na kisonono, na chanjo ya ugonjwa wa ini. Na kama vidonda vya malengelenge vikitokea baadaye, hutibiwa navyo. Na wewe mume ambaye mkeo amerudi kutoka shambani analia, mchukue, mfuatane.

Kuna mama mwingine twamkumbuka, naye hakuvunja ndoa yake kabisa. Alikuwa na mimba ya mtoto wa sita malengelenge yalipomtokea kwa mara ya kwanza. Mama mkwe wake aliviona vidonda akasema, "Huyu ametoka nje." Mume akaamini. Mama akarudishwa kwa wazazi wake, na tumbo lake, na ndoo yake moja ya nguo. Tulilifahamu neno hili baadaye sana, nalo latuuma hata leo. Kwani kidonda hakisemi kililetwa na nani wala lini. Virusi vyaweza kulala miaka kumi, kisha vikaamshwa na uchovu wa mimba yenyewe. Yawezekana aliletewa na mumewe, aliyekuwa navyo tangu ujana bila kujua. Yawezekana alikuwa navyo kabla ya arusi. Hakuna mganga duniani awezaye kukitazama kidonda akasema, "Hiki ni cha mwaka huu, na cha mtu fulani." Basi mama mkwe alijuaje?

Mama huyo alihitaji kufikishwa kwa mkunga, wala si kwa baba yake. Mama aambukizwaye mara ya kwanza katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba huweza kumpa mtoto ugonjwa wakati wa kuzaa, na hatari hiyo ni kubwa, kati ya watoto 30 na 50 katika kila 100. Kwa mtoto mchanga ugonjwa huu ni mkali sana, huingia hata katika ubongo, huua. Lakini mama aliyekuwa na virusi tangu zamani amekwisha kumgawia mtoto askari wake tumboni, na kwake hatari haifiki hata mtoto mmoja katika 100. Mkunga akiambiwa mapema aweza kutoa dawa katika juma za mwisho, na vidonda vikiwapo siku ya uchungu, daktari aweza kuamua kumtoa mtoto kwa kupasua. Yote hayo yategemea mama kusema, naye hawezi kusema kama akisema atafukuzwa.

Vijana wa shule watuulizao juu ya aibu ya kupimwa, twawajibu hivi. Mwuguzi amefungwa kutunza siri ya mgonjwa. Kwa Ukimwi, Kongo ina sheria ya tarehe 14 Julai 2008 iwalindayo wenye virusi, na siri ya kipimo ni mojawapo ya mambo inayoyalinda. Twajua kwamba katika mji mdogo hata ukuta una masikio, na aliyeketi kwenye benchi fulani siku ya Jumanne huonwa na jirani. Basi nendeni wawili, au mwende siku mama zenu wanapopima watoto uzito. Benchi huwa limejaa, hakuna atakayejua nani alikuja kwa lipi.

Kuhusu arusi. Kijana wetu alituuliza kama anaweza kunyamaza, akaoa, na kupimwa baadaye. Tulimwambia hapana, wala hatukumzungusha. Mchumba si mtu wa kupewa zawadi iliyofungwa asijue kilichomo. Hata sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1098, husema kwamba mtu aliyeingia katika ndoa kwa kudanganywa makusudi juu ya sifa ya mwenzake iwezayo kuvuruga vikali maisha yao ya pamoja, ndoa hiyo si halali. Hatusemi kwamba malengelenge pekee yangetosha. Hilo ni la mahakama ya Kanisa. Twasema tu kwamba jambo la siri hilo si dogo. Katika parokia kadha wa kadha za Afrika wachumba huombwa kupimwa kabla ya matangazo. Wengine hulalamika, sisi twaona afadhali maneno magumu yasemwe wakati bado kila mtu analala kwao.

Alikwenda. Siku ya kumi alipimwa Ukimwi na kaswende katika kituo cha afya, vyote havikuonekana, na mwuguzi akamwandikia tarehe mbili za kurudi. Juu ya malengelenge hakumpima kitu. Alimwangalia, hakuona kidonda, akamwambia arudi siku ile ile akikiona, asiende sokoni. Kwa faranga chache alipata kile alichokitafuta kwa fedha za suti.

Kumwambia mchumba kulikuwa kugumu zaidi. Alimwomba shangazi yake binti awepo, naye shangazi alikubali, akaketi mlangoni akichambua maharagwe kana kwamba hasikii. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Kama rafiki yako asingalikuambia, wewe ungaliniambia?" Kijana alituambia kwamba hakupata la kujibu, naye hakutaka kusema uongo wa pili.

Padre ameyasimamisha matangazo bila kutaja sababu. Baba ya binti ameambiwa kwamba kuna karatasi zinazongojwa, naye amesema karatasi za siku hizi ni nyingi mno. Binti mwenyewe amekubali kwenda kituoni pamoja na kijana siku ya tarehe ya pili, wapimwe wote wawili. Kama ataolewa naye au la, amesema atajibu baada ya hapo, wala asiulizwe kabla. Fundi cherehani wa Kiwanja amekwisha kuyapima mabega ya bwana arusi na kuandika vipimo katika daftari lake. Kitambaa bado.